Mmoja Aende Guta, Mmoja Abaki

Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo na mapanki. Mvua za vuli zilikosa kabisa, na za masika zilikuja kidogo zikaondoka kama mgeni aliyegundua amekosea nyumba. Mtama ulikauka ukiwa haujanifika magotini. Aliyekuwa na muhogo ardhini alichimba, akaumenya, akauanika juu ya miamba, na huo ndio tuliosaga tukala asubuhi na jioni. Samaki mwenye nyama hatukumwona. Kutoka Musoma yalikuja mapanki, yaani kichwa na uti wa mgongo wa sangara, baada ya kiwanda kutoa minofu na kuipeleka kwa watu tusiowajua. Unachemsha, unanyonya, unatema miba. Ukimuuliza mtu yeyote wa kijijini kwetu, huku Butiama, binti yangu alirudi nyumbani mwaka gani, hatakutajia namba. Atakwambia alirudi mwaka wa mapanki.

Nilikuwa juu ya mwamba nageuza muhogo nikaona mlango unakuja barabarani. Mlango wa mbao, mzima, na bawaba zake. Ulipokaribia nikaona chini yake kuna pikipiki. Mjukuu wangu wa kiume amekaa mbele juu ya tenki, dada yake kabanwa nyuma ya dereva, na mwisho kabisa binti yangu, mlango umefungwa mgongoni kwake kwa mipira kama gamba la kobe. Walitoka nao Guta, huko Bunda, hivyo hivyo. Dereva alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akaniambia, "Bibi, kila gari likitupita upepo ulitaka kutupeleka Serengeti."

Nikamuuliza binti yangu, "Huo mlango wa wapi?"

"Wangu. Niliununua kwa dagaa zangu."

"Na nyumba?"

"Nyumba ya kwake."

"Sasa atalalaje, mlango wazi?"

"Fisi watamwamkia."

Jirani yangu aliyekuwa anachota maji alitua ndoo, akapiga makofi. "Wenzako wakiachika wanarudi na masufuria, wewe umerudi na mlango! Kesho rudi ukachukue dirisha." Binti yangu akacheka. Watoto hawakucheka. Yule wa kike alikuwa amesimama anaupapasa ule mlango mahali palipochorwa kwa makaa alama za urefu wake, tangu alipoanza kusimama.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la tatu nikatolewa kulea mdogo wangu, na kuandika kwangu ni kama kulima shamba la mawe. Lakini nimezaa, nimezika mume, nimejenga nyumba ya bati, na katika kijiji chote hiki hakuna mtu anayeweza kusema alinikuta naomba chumvi. Nayasema haya ili ajulikane anayeongea. Nilidhani nyumba yangu ni ya watu wanaoolewa wakakaa.

Yule mkwe alikuwa na adabu, siwezi kumnyima hilo. Huku kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Miaka yote ya ndoa yao alinisalimia akiwa nje ya ua wa minyaa, amegeuka pembeni, kofia mkononi. Mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa nilienda Guta kumwogesha mzazi, na mkwe alihama nyumba yake mwenyewe akalala kwa kaka yake mpaka nilipoondoka. Nilimjua kwa sauti na kwa mgongo. Wanawake wa jumuiya waliniambia, mama, wewe umepata mkwe.

Na ng'ombe alileta. Walikuja wazuri, wamenona, mmoja ana mimba. Ng'ombe hao hawakulala sana zizini kwangu. Mwanangu wa kiume alikuwa amefika umri, kachumbia msichana Suguti, na sisi huku ng'ombe za dada ndizo zinazomwolea kaka. Ndivyo nilivyoolewa mimi, ndivyo alivyoolewa mama yangu. Ng'ombe walitoka Guta wakapita kwangu wakaenda Suguti, na mke wa mwanangu akaja. Yupo mpaka leo, nyumba yake iko ng'ambo ya zizi, na watoto wake wananiita bibi. Kwa hiyo ndoa ya binti yangu ndiyo iliyoshika ndoa ya kaka yake. Ilipovunjika moja, nyingine ikaanza kutikisika, wakati wenyewe hawakuwa wamegombana hata kwa sufuria iliyoungua.

Kwa nini waliachana? Nimeisikiliza kesi hiyo kwa midomo miwili, na kila mdomo una ndoa yake. Binti yangu anasema mume alikuwa na mwanamke mjini Bunda, na mbegu za mpunga ziliishia huko. Mume anasema mke alikuwa anakwenda mwaloni kwa wavuvi kununua dagaa anarudi kesho yake, na akiulizwa anajibu kwa matusi. Mmoja aligoma kupika, mwingine akagoma kula. Wakafika mahali wanatumana kupitia watoto. Muulize baba yako jembe liko wapi. Mwambie mama yako atafute mwenyewe. Mjukuu wangu wa kike aliniambia alikuwaga anabadilisha maneno njiani, akitukanwa mtu yeye anafikisha salamu. Mtoto wa darasa la pili anafanya kazi ya balozi, na hakuna aliyemtuma kufanya vizuri.

Mkwe alikuja kwangu mara moja baada ya mlango kuondoka. Nilimsikia anapita ua. Hakusimama nje. Aliingia mpaka barazani, akavuta kiti akakaa, akaninyooshea mkono. "Shikamoo, mama." Na akanitazama usoni.

Niliushika ule mkono kwa sababu sikujua la kufanya. Ndipo nikaona ana kovu chini ya jicho la kushoto, na macho ya duara kama ya mjukuu wangu wa kiume. Ni mtu mzuri wa sura. Nilikasirika kwamba nimelijua hilo siku ile. Hakuna karatasi iliyoniambia kama ule mkono ulivyoniambia. Mtu anayekupa mkono hivyo hana mkwe tena.

Karatasi ilikuja baadaye. Walienda mahakama ya mwanzo huko Bunda, nami nikaenda, nikakaa benchi la nyuma na kanga yangu mpya. Hakimu alikuwa mwanamke, rika la binti yangu, akasoma kwamba wameachana, watoto wakae na mama, baba atoe matunzo na aruhusiwe kuwaona. Vizuri. Nikaenda kwa padri. Padri akasema, mama, mahakama haiwezi kufungua alichofunga Mungu, hao bado ni mume na mke. Vizuri pia. Nikakaa na wazee wa ukoo. Wazee wakasema, ng'ombe wamerudi? Hawajarudi. Basi hajaachwa mtu, na watoto ni wa Guta, maana mtoto hufuata ng'ombe. Basi binti yangu akawa kaachika, hajaachika na hawezi kuachika, vyote kwa wakati mmoja. Aliniuliza, "Mama, sasa mimi ni nani?" Nikamwambia nenda ukasage muhogo.

Hakukaa. Kijijini kila akipita kisimani wanawake walikuwa wanamwuliza hali ya mlango wake. Zamani alikuwa mtu wa kuimba, unamsikia kabla hajafika. Akawa mtu wa kupokea simu nje ya nyumba, anazunguka mwembe wa jirani huku anapiga teke mawe. Akaenda Musoma, akapanga chumba Kigera, akawa anakaanga samaki na kuuza jioni. Watoto akaniachia. "Kwa muda, Mama, mpaka nisimame." Baba yao naye huko Guta alikuwa amezibia mlango kwa bati bovu, akamleta yule mwanamke wa Bunda, akazaa naye haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. Nilisikia amekonda, mpunga wake umeliwa na ndege akiwa amekaa tu kwenye tuta anatazama. Kila mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kupitia watu kwamba yeye yuko vizuri sana.

Na mimi nikabaki na wajukuu. Bibi ana utani na wajukuu zake, hilo kila mtu analijua. Yule wa kiume nilimwita mume wangu. Yule wa kike nilimwita mke mwenzangu, naye alinijibu kwa mdomo wa mke mwenza hasa. "Leo zamu yako kupika, mke mkubwa." "Nitapika, lakini mume analala kwangu." "Mchukue, anakojoa."

Ni kweli alikuwa anakojoa. Alikuwa ameshaacha, mama yake aliapa kwamba alishaacha, lakini tangu siku ya mlango alianza upya. Dada yake ndiye aliyekuwa anamwamsha jogoo wa kwanza. Akichelewa, analitoa lile shuka kabla ya watu kuamka na kulianika upande wa pili wa minyaa, mahali ambapo watoto wa shule hawapiti. Walipojua hata hivyo, wakaanza kumwita mdogo wake Kikojozi, na dada akampiga mtoto wa mwenyekiti kwa kifuniko cha dumu mpaka nikaitwa shuleni. Mwalimu akaniuliza, baba wa huyu yuko wapi, maana anasemaga yuko Mwanza anajenga daraja. Nikamwambia mwalimu, kama anajenga, litakwisha.

Yule mdogo alikuwa na jambo lake. Kila tukila, tonge moja linaingia mfukoni. Nikifua kaptula nakuta ugali umekauka kama jiwe. "Mume wangu, hii akiba ya nini?" Akaniambia, "Ya baba akija, maana huwaga anakuja na njaa."

Siku moja nilisikia wanacheza nyuma ya jiko na watoto wa mwanangu. Wamepanga mawe, wamefanya nyumba. Watoto wengine wakicheza nyumba wanapika udongo, wanabembeleza gunzi. Hawa wangu walikuwa wanacheza kuachana. Yule wa kike kabeba ungo mgongoni, anaondoka. Yule wa kiume kasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, anapiga kelele, "Nenda na mlango wako, na watoto wako wote!" Halafu wanabadilishana, yeye anaondoka, dada anabaki. Watoto wa mwanangu wamekaa pembeni wanaangalia, mmoja analia. Mama yao, yule wa Suguti, alikuja akawachukua watoto wake. Tangu hapo hakupenda wacheze pamoja. Sikumlaumu. Yeye ndiye ambaye ng'ombe wake walikuwa wanadaiwa.

Maana madai yalianza. Kaka mkubwa wa mkwe, ambaye ndiye baba mkubwa wa wajukuu zangu na ndiye anayeongea kwa niaba ya ukoo wao, alituma watu. Ng'ombe au watoto. Kisha ujumbe ukabadilika, ukawa ng'ombe au mtoto. Mmoja. Yule wa kike.

Nielewe vizuri hapo, kwa sababu mimi nilielewa mara moja. Wa kike sasa ameshafika darasa la tano, ana nguvu, anajua kupika. Yule mwanamke wa Bunda aliyeletwa Guta ana mtoto mchanga na mwingine anatambaa, anataka mgongo wa kubebea. Na miaka michache ijayo atakuja mtu kumposa, na ng'ombe watakwenda kwa baba yake. Huyo ni mtoto mwenye ng'ombe mbele yake. Wa kiume ana nini? Atadai kuozwa mke na anakojoa kitandani. Mwanamke wa Guta alisema waziwazi, mbele ya watu, "Huyo mdogo aje, halafu shuka zake afue nani?"

Nikasema basi, kama baba hamtaki, mama yake atamtaka. Nikamwogesha, nikamvalisha shati la Krismasi, tukapanda basi hadi Musoma. Nilitaka wote wawili waende kwa mama yao, pamoja, hata kama mimi ningebaki na kuku. Nilianza na yule mgumu kukubalika. Nikafika Kigera nikakuta binti yangu hayuko peke yake. Chumbani kuna viatu vya kiume, na mwenye viatu yupo, fundi ujenzi, mtu wa Tarime kwa kuongea kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alinipisha kwenye kiti, akanimiminia chai mwenyewe, akaweka sukari mpaka nikamzuia. Binti yangu alikuwa na tumbo. Hakuniambia kwenye simu.

Nikaeleza shida yangu. Yule fundi akanisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai yake taratibu. "Mama, karibu sana hapa, ni kwako. Huyo wa kike akija, sawa, atamsaidia mama yake. Lakini dume la zizi la mwenzangu mimi silifugi. Akikua atanigeuka. Nisamehe, mama, mimi husema kweli."

Nikamwangalia binti yangu. Binti yangu akaangalia tumbo lake.

Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni kati ya miguu yangu na kipande cha sato mkononi. Nilidhani anakula. Tuliporudi kwenye basi nikakuta hakukila kile kipande cha samaki, amekishika tu mpaka mafuta yameloanisha shati la Krismasi. Akaniuliza, "Bibi, dume ni mimi?" Nikamwambia dume ni ng'ombe. Tangu safari ile hakuweka tena ugali mfukoni.

Nyumbani nilikuta mwanangu ananisubiri barazani. Alikuwa ameongea na dada yake kwenye simu, wamepatana bila mimi.

"Mama, acha wamchukue yule wa kike."

"Nani kasema?"

"Dada kakubali. Mahakama ilimpa yeye watoto, na yeye anampa baba yake. Wakimpata huyo, habari ya ng'ombe imekwisha. Wameapa."

"Kwa hiyo mtoto wa dada yako ndiye ng'ombe wa kulipia mkeo."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Akainuka, akakaa tena. "Sasa wewe niambie. Wakidai ng'ombe kweli, mimi nitatoa nini? Zizi hilo hapo, unaliona. Nimrudishe mke wangu Suguti? Nao watoto wangu watatu wawe kama hawa?"

Ng'ambo ya zizi mchi wa mkewe ulikuwa unatwanga. Ulinyamaza. Halafu ukaanza tena, pole pole, kama wa mtu anayetwanga ili asikie. Nilikuwa na jibu la hasira na jibu la haki, na yote mawili yalikuwa yanamvunja mtu.

Nikaenda kwa mtendaji. Akasema jambo hilo lina hukumu ya mahakama, na mama mzazi ana ridhaa, yeye hana mamlaka. Nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Dada mmoja mwenye suti akaniambia niandike maelezo. Nikamwambia naandika polepole. Akanisaidia kuandika, akanisomea, yalikuwa mazuri mno, nikaona kama si yangu. Akasema atafuatilia. Labda bado anafuatilia. Nikaenda kwa padri, padri akasema tusali, tukasali.

Yule wa kike nilimwambia mwenyewe, sikutaka alisikie kisimani. Tulikuwa tunapembua ulezi. Hakulia. Aliendelea kupeta, makapi yanaruka. Akaniuliza, "Mimi nimefanya nini mpaka nagombaniwa? Na yeye amefanya nini mpaka hagombaniwi?"

"Hamkufanya kitu."

"Basi mbona wananitenganisha naye?"

"Waulize waliokuzaa."

"Nilishawauliza kwenye simu. Mama kasema nimuulize baba. Baba kasema nimuulize mama." Akapuliza ungo. "Nikienda, atakojoa kila siku."

"Nitamwamsha mimi."

"Wewe unalala kama gogo, mke mkubwa."

Walikuja siku ya Jumamosi asubuhi, baada ya chai. Mkwe, kama bado niite hivyo, na kaka yake mkubwa. Binti yangu naye alishuka kutoka Musoma, tumbo mbele, hakunitazama. Mwanangu alikuwepo, amesimama karibu na zizi tupu kama analilinda. Baba wa watoto na mama wa watoto walikaa baraza moja, benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake, na kati yao pangeweza kukaa watu wanne. Nikakumbuka kwamba siku ya ndoa walikalia benchi hilohilo. Mimi nilijificha ndani, lakini nilisimuliwa kwamba bwana harusi alimletea binti yangu soda hapo. Sasa waliongea mara moja tu, kuhusu viatu vya shule, kama vinatosha.

Yule mdogo alienda akakaa juu ya begi la dada yake. Baba yake akamwambia, "Inuka, baba, tuchukue begi." Hakuinuka. Baba mkubwa akamwambia. Hakuinuka. Mama yake akasema jina lake, mara moja, kwa sauti ambayo zamani alikuwa anaitumia kuimba, na mtoto akamwangalia kama anaitwa na mtu wa redioni. Mwishowe dada yake akaja akampakata kama mtoto mchanga, akamweka pembeni, akachukua begi mwenyewe. Akaniambia, "Shuka la bluu usimpe, linachelewa kukauka. Na ukimwamsha usimwite kwa nguvu, anashtuka." Nikamwambia nimesikia.

Na hapo ndipo walipofikia kitu ambacho hawakuweza kukifanya bila mimi.

Huku kwetu mtoto aliyelelewa na bibi haondoki hivi hivi. Bibi anatafuna punje za ulezi, anamtemea mate kidogo kwenye paji la uso na kifuani, anamwambia nenda, kua, usipate ugonjwa. Hiyo ndiyo ruhusa. Wageni wakiona wanadhani tunatukanana. Padri wetu aliacha kutusema siku nyingi, na nimewahi kumwona akimleta mpwa wake kwangu kimya kimya kabla hajaenda seminari. Mtoto asipotemewa, watu wanaamini hatatulia aendako, ataugua, au usingizi utamkimbia. Watu wa Guta wanaamini zaidi yetu. Mwanamke wa kule alikuwa ameshasema hataki mtoto asiyetemewa aingie nyumbani mwake karibu na kichanga chake.

Baba mkubwa akachota ulezi kwenye ungo wangu, akaniletea mwenyewe, kwenye kiganja, akainama vizuri, mtu mzima yule. "Mama, jua linapanda. Mtemee mtoto tuondoke."

Nikamwangalia mkononi. Nikawaangalia wote, mmoja mmoja. Mwanangu kwenye zizi lake. Binti yangu na tumbo lake. Baba wa watoto na lile kovu ambalo sikutakiwa kulijua. Wote walikuwa wananisubiri mimi niliweke jambo hili sawa. Mahakama ilikwisha, ukoo ulikwisha, simu zilikwisha, sasa walitaka mdomo wangu uwe wa mwisho, ili mtu akiuliza baadaye waseme bibi alibariki.

Nikasema, "Simtemei mtu mate hapa. Mate yangu hayatenganishi watoto."

Baba mkubwa akasema, "Mama, tutaondoka naye hata hivyo."

"Ondokeni naye. Nimeona mna miguu."

"Ataugua."

"Mtampeleka zahanati."

Binti yangu akapiga magoti, kwa shida, kashika benchi. "Mama, usimfanyie mwanangu hivyo. Nifanyie mimi." Baba wa watoto akaanza kulia, bila sauti, machozi yanashuka upande wa kovu, na nikaona kwamba hata yeye hakulitaka jambo hili, na kwamba hakuna mmoja pale barazani aliyelitaka, na lilikuwa linafanyika.

Ndipo mjukuu wangu akatua begi. Akauchukua ule ulezi kwenye kiganja cha baba yake mkubwa, akaja mpaka miguuni kwangu, akapiga magoti kwenye vumbi na sketi yake ya shule. Hakuniita mke mkubwa. Alifungua kifungo cha juu cha blauzi ili kifua kiwe wazi, akaninyooshea ulezi, akafumba macho.

"Bibi, nitemee. Naogopa kulala kule."

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, kashika ncha ya sketi. Niliuona ule mfupa mdogo wa kifua cha dada yake unapanda na kushuka. Ulezi ulikuwa tele kiganjani, safi, niliupembua naye mwenyewe. Mdomo wangu ulijaa mate, sitasema uongo, ulijaa. Nikayameza. Nikamwambia vilevile nilivyowaambia watu wazima:

"Simtemei mtu mate hapa. Mate yangu hayatenganishi watoto."